Begonia Katika Miezi ya Kipupwe: Namna Baridi Inavyoua Maua ya Vyungu na Jinsi ya Kuyakinga

Kila mwaka, mwezi Juni unapoingia, wakazi wa Nyanda za Juu Kusini hutoa mablanketi sandukuni, na wakulima wa viazi mviringo huanza kulitazama anga nyakati za jioni. Wanafahamu kwamba usiku usio na wingu wala upepo ndio uletao jalidi, yaani ule umande unaoganda na kulifanya shamba liwe jeupe alfajiri. Lipo kundi jingine la wananchi ambalo hupata hasara katika miezi hiyohiyo bila kuzungumzwa sana. Hao ni wanaootesha na kuuza maua ya vyungu, hususan begonia.

Biashara ya maua ya vyungu haihitaji ekari. Baraza yenye kivuli, udongo wenye mboji, makopo yaliyotobolewa chini na mche mmoja wa kuanzia vyatosha. Ndiyo maana huwavutia wanawake na vijana, wakiwemo waliomo katika vikundi vinavyokopeshwa kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni kwa ajili ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini una tarehe ya rejesho, na tarehe hiyo haisogei kwa sababu miche imeungua kwa baridi. Kikundi chenye vyungu mia moja barazani kinaweza kulala kikiwa na mtaji na kuamka hakina.

Hasara hiyo huzuilika kwa sehemu kubwa, na kwa vifaa vilivyomo majumbani. Linalohitajika ni kuelewa kwanza baridi inafanya nini ndani ya mmea, na kwa nini begonia moja hufa huku nyingine iliyo hatua mbili tu kutoka hapo ikisalimika.

Begonia imetoka wapi

Begonia si mmea mmoja. Wataalamu wa mimea wamekwisha kuorodhesha zaidi ya spishi 2,000 za begonia, na karibu zote asili yake ni nchi za joto na maeneo yanayopakana nazo: Amerika ya Kusini na ya Kati, Asia na Afrika. Jina lenyewe lilitolewa na mtawa na mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Charles Plumier, kwa heshima ya Michel Bégon, aliyekuwa ofisa wa serikali ya Ufaransa katika karne ya 17.

Afrika Mashariki nayo ina begonia zake za porini. Katika misitu ya Mlima Kilimanjaro na misitu mingine ya milimani huota begonia itambaayo juu ya mashina ya miti, yenye maua meupe au ya waridi hafifu, ambayo kisayansi huitwa Begonia meyeri-johannis. Jina hilo linamkumbusha Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. Wapo watakaouliza: ikiwa begonia huota mlimani, mahali penye ukungu na baridi, iweje ile ya dukani ife kwa baridi ya kawaida ya Juni?

Swali hilo ni la msingi, na jibu lake ndilo litakalofafanua mengi katika somo hili. Begonia ya msituni haiishi wazi. Juu yake kuna paa la miti mirefu, kando yake kuna mashina na mizabibu ya porini, chini yake kuna majani yaliyooza ambayo hutunza joto. Usiku, hewa ya ndani ya msitu haipoi kwa kasi kama hewa ya uwanja ulio wazi. Ukungu nao hufanya kazi ya blanketi. Mmea huo umezoea ubaridi wa wastani usiobadilika sana, haukuzoea jalidi. Ukiuchukua na kuuweka katikati ya uwanja uliofagiliwa, mbele ya nyumba, utakufa kama zile zilizotoka Brazili.

Baridi inafanya nini ndani ya jani

Wengi hudhani kwamba mmea hufa pale tu maji yanapoganda. Kwa mimea ya nchi za joto, sivyo. Madhara huanza mapema zaidi, wakati kipimajoto bado kinaonesha nyuzi joto 10 au zaidi kidogo.

Kila chembe hai ya jani imezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta. Utando huo ndio mlango na mlinzi: unaruhusu vitu fulani vipite na kuzuia vingine. Katika joto la kawaida mafuta yake ni laini. Baridi inapoingia hufanya kama samli iliyoachwa sahanini asubuhi ya Julai, yaani hukakamaa. Mimea ya nchi za baridi ina mafuta ya namna ambayo hubaki laini hata katika ubaridi mkali. Begonia nyingi hazina. Utando uliokakamaa hupitisha kisichotakiwa, maji ya ndani ya chembe huvuja, na baada ya saa kadhaa jani huanza kuonesha mabaka yenye majimaji, kama karatasi iliyodondoshewa mafuta ya taa. Kisha mabaka hayo hugeuka kuwa ya kahawia, na mwishowe meusi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba dalili hizi huchelewa. Baridi ya usiku wa Jumatatu inaweza kuonekana majanini siku ya Jumatano, wakati jua linawaka na mwenye ua amekwisha kusahau usiku ule. Hapo ndipo husikika kwamba maua yamerogwa au yamepigwa na kijicho, na wengine hukimbilia dukani kununua dawa ya wadudu. Fedha hutumika, na tatizo halikuwa wadudu.

Mizizi nayo hupata shida yake. Udongo ukiwa baridi, mizizi ya begonia hushindwa kunyonya maji hata kama chungu kimelowa. Jani hulegea. Mwenye mmea akiona jani limelegea huongeza maji, kwa nia njema kabisa. Maji hayo hayanyonywi. Hukaa chunguni, huufanya udongo uzidi kuwa baridi, na mzizi huoza. Pengine begonia nyingi zaidi hufa kwa njia hii kuliko kwa jalidi yenyewe. Kanuni ya kufuata ni rahisi: jani likilegea, kidole kiingizwe udongoni kabla ya kushika kopo la maji. Udongo ukiwa na unyevu, kinachokosekana ni joto, wala si maji.

Jalidi ina njia ya mkato. Joto likishuka hadi sifuri au chini yake, barafu huanza kujijenga kati ya chembe za jani, huvuta maji kutoka ndani ya chembe na kuzipasua. Begonia ina mashina na majani yaliyojaa maji kama tango, kwa hiyo haina pa kukimbilia. Asubuhi huonekana kama mchicha uliotolewa chunguni jikoni.

Si begonia zote zilizo sawa

Begonia za majani ya rangi, zile zenye majani mapana ya zambarau, fedha na kijani, nyingi zimetokana na Begonia rex ya eneo la Assam nchini India. Hizi ndizo zinazopendwa zaidi na ndizo dhaifu zaidi mbele ya baridi. Hustawi kati ya nyuzi joto 16 na 22. Joto la usiku likikaa chini ya 13 husimama kukua na huanza kupukutisha majani; chini ya 10 ziko hatarini. Hata hivyo zina siri moja: shina lao nene hulala juu ya udongo kama tangawizi. Majani yakiisha yote na shina hilo likabaki gumu, mmea bado uhai. Begonia nyingi za aina hii hutupwa jalalani mwezi Julai zikiwa hai.

Begonia yenye majani yaliyokwaruzika na alama nyeusi au ya kahawia mfano wa msalaba katikati, iitwayo Begonia masoniana, huwekwa katika kundi hilohilo kwa mahitaji ya joto.

Zipo begonia ndefu zenye mashina yenye vifundo kama mwanzi. Maarufu miongoni mwake ni Begonia maculata kutoka Brazili, yenye madoa meupe juu ya jani na wekundu upande wa chini. Hizi nazo hazipendi kushuka chini ya nyuzi joto 10. Zikipigwa na baridi isiyofika jalidi hudondosha majani na kubaki fito tupu, jambo linalowatisha wengi, lakini mara nyingi huchipua tena kutoka vifundo vya chini joto likirejea.

Begonia ndogo za bustanini, zile zenye majani mazito yanayong’aa na maua mekundu, meupe au ya waridi yasiyokoma, ndizo zinazoonekana mbele ya zahanati, shule na ofisi nyingi. Hizi ni ngumu kidogo. Huvumilia usiku wa nyuzi joto 5 hivi, ingawa hudumaa. Jalidi ya usiku mmoja huzimaliza.

Kundi la mwisho hujilinda kwa kujificha. Begonia zenye viazi, ambazo wazazi wake walichukuliwa katika milima ya Andes huko Peru na Bolivia, hukauka majani yote msimu ukiwa mbaya na kubaki kiazi chini ya udongo. Begonia sutherlandii, yenye maua ya rangi ya chungwa na ambayo huota porini kuanzia Tanzania hadi Afrika ya Kusini, hufanya vivyo hivyo. Nchini China na Japani ipo Begonia grandis, ambayo hustahimili hata majira ya theluji. Majani yake hufa kama ya nyingine yoyote. Kinachostahimili ni kiazi kilichofunikwa. Kwa hiyo mtu anapoambiwa na muuzaji kwamba begonia fulani haiogopi baridi, aulize: jani ndilo lisiloogopa, au kiazi? Kama ni kiazi, basi asitarajie kuwa na ua la kuuza mwezi Julai.

Usiku unavyopoa, na mahali pa kuweka chungu

Kwa wastani, joto hupungua kiasi cha nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda mlima. Kutokana na hesabu hiyo wakazi wa mabondeni hujiona salama kuliko wa vilimani. Kwa mchana ni kweli. Usiku wa utulivu mambo hubadilika, kwa sababu hewa baridi ni nzito kuliko ya moto. Huteremka kwenye mteremko taratibu kama maji, na hutuama bondeni. Nyumba iliyo katikati ya mteremko inaweza kuwa na usiku wenye joto kuliko ile iliyo kando ya mto chini yake. Wanaolima vinyungu mabondeni wameliona hilo katika maharage na viazi vyao. Uwanda wa Kitulo wilayani Makete, ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, ni mfano unaojulikana wa mahali ambapo jalidi hutua mwezi Juni hadi Agosti.

Jambo la pili ni anga. Kila kitu kilichopata joto mchana, ikiwemo ardhi, ukuta na jani, hurudisha joto hilo juu usiku. Mawingu yakiwepo, sehemu ya joto hurudi chini. Anga likiwa jeupe, joto huenda moja kwa moja. Jani linalolitazama anga tupu linaweza kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, ndiyo maana jalidi huonekana juu ya majani hata pale kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinapoonesha nyuzi joto 2 au 3.

Kutokana na hayo, hatua ya kwanza ya kukinga begonia haigharimu shilingi yoyote: chungu kisiwe mahali panapoona anga. Kusogeza vyungu kutoka uwanjani hadi chini ya paa la baraza, au chini ya mti wenye majani mazito kama mparachichi, hubadilisha hali kwa nyuzi kadhaa. Ukuta wa matofali uliopigwa na jua la mchana hutoa joto hadi usiku wa manane, hivyo safu ya vyungu ikae karibu nao. Upande unaopata jua kali la asubuhi haufai kwa miche iliyo wazi, kwani jani lililoganda likipigwa na jua ghafla huumia zaidi.

Sakafu ya saruji ni baridi. Vyungu viinuliwe juu ya ubao, kichanja au matofali. Kwa wale wenye vibanda vya bati, ieleweke kwamba bati hupoa upesi kuliko makuti au nyasi, na mvuke hugandamana chini yake kisha kudondoka alfajiri ukiwa baridi juu ya majani. Madoa meusi ya duara yanayoonekana juu ya begonia zilizo chini ya bati mara nyingi hutokana na matone hayo. Gunia au mkeka ukitandazwa chini ya bati kama dari, matone huishia hapo na joto hubaki.

Ndani ya nyumba, chungu kisikae kikigusana na kioo cha dirisha. Kiti kilicho hatua mbili kutoka dirishani kinatosha. Begonia zina chembechembe za asidi ya oksaliki ambazo huwasha kinywa na koo zikitafunwa, hasa viazi vyake. Zinapoingizwa ndani ziwekwe mbali na watoto wadogo, na zinaporudishwa nje zisiachwe karibu na mbuzi.

Kufunika, na kumwagilia

Pale ambapo vyungu ni vingi kiasi cha kutoweza kuingizwa ndani, vifunikwe. Magunia ya katani, mikeka, shuka nzee na majani ya migomba hufaa. Kifuniko kiwekwe kabla jua halijazama, wakati ardhi bado ina joto la kutunza. Anayefunika saa tatu usiku anafunika baridi. Fito zisimikwe ili kitambaa kisiguse majani. Hili ni la lazima kwa karatasi ya nailoni, ambayo ikilala juu ya jani hulipitishia baridi yote ya nje. Asubuhi, kuanzia saa tatu hivi, kifuniko kiondolewe, hewa ipite na majani yakauke. Begonia iliyofunikwa mchana kutwa hushikwa na ukungu wa kijivu na ubwiri unga, magonjwa mawili yanayopenda baridi iliyochanganyika na unyevu.

Vyandarua vyenye dawa vilivyogawiwa kwa ajili ya kujikinga na malaria visitumike kwa kazi hii. Mbali na kwamba ni kinyume na makusudi yake, matundu yake hayatunzi joto, kwa hiyo mtu hupoteza kinga ya malaria na maua pia.

Katika miezi hii mmea hukua polepole na hunywa kidogo. Kumwagilia kufanyike kati ya saa nne na saa sita mchana, si alfajiri wala jioni. Maji yaliyotoka bombani au kisimani yakiwa baridi sana yaachwe kwanza juani au jikoni hadi ubaridi ukatike. Yamwagwe udongoni, si juu ya majani, na yaliyotuama kwenye kisahani yamwagwe. Mbolea ya kukuzia, iwe ya dukani au samadi, isitiwe kuanzia Mei hadi Agosti, kwani huchochea machipukizi laini ambayo ndiyo ya kwanza kuungua.

Jiko la mkaa lisiingizwe

Baadhi ya wenye vitalu huingiza jiko la mkaa katika chumba au kibanda walichohifadhi miche, kisha hufunga mlango ili joto lisitoke. Wengine hulala humohumo kulinda mali. Kitendo hiki ni hatari kwa maisha, na miezi ya kipupwe ndiyo miezi ambayo vifo vya namna hii hutokea.

Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia mapafuni na kushika nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Aliyelala hapitii hatua hizo akijitambua. Hulala moja kwa moja. Kutokuwepo kwa moshi si dalili ya usalama, kwa sababu mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi ilhali hewa hiyo inaendelea kutoka. Jiko lililobaki majivu mekundu nalo si salama. Anayekutwa na dalili hizo atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na afikishwe kituo cha kutolea huduma za afya, hata kama anaonekana kupata nafuu.

Kwa usiku mmoja au miwili ya baridi kali, chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri, zikiwekwa katikati ya vyungu ndani ya boksi lililofunikwa kwa gunia, hutoa joto la kutosha kuvusha miche hadi alfajiri. Zikibadilishwa saa sita usiku, bora zaidi.

Mmea ukiwa umekwisha kuungua

Anayekuta begonia zake zimeungua asubuhi asikimbilie kisu. Ziondolewe kwenye jua, ziwekwe kivulini penye joto la wastani, zisimwagiliwe wala kutiwa mbolea. Baada ya siku nne au tano mpaka kati ya sehemu hai na iliyokufa utaonekana wazi. Hapo sehemu laini, nyeusi na yenye majimaji ikatwe hadi kufikia sehemu ngumu, kwa kisu kilichosafishwa. Shina likibonyezwa na kidole likawa gumu, lina matumaini; likibonyea na kutoa maji, limekwisha. Majani yaliyokatwa yasiachwe juu ya udongo wa chungu kwa kuwa ndiyo makao ya ukungu.

Machipukizi mapya yanaweza kuchukua wiki sita hadi nane. Kwa mwenye duka muda huo ni mrefu, lakini ni mfupi kuliko kuanza upya bila mche.

Njia bora zaidi ni kuwa na akiba kabla ya Juni. Begonia za majani ya rangi zina sifa ambayo mimea michache inayo: jani moja huweza kuzaa miche kadhaa. Huchaguliwa jani lililokomaa lisilo na ugonjwa, mishipa yake mikubwa hukatwakatwa kwa wembe upande wa chini, kisha jani hulazwa juu ya mchanga wenye unyevu na kubanwa kwa vijiti ili mikato iguse mchanga. Likikaa mahali penye joto na kivuli, katika muda wa mwezi mmoja hadi miwili vimiche hutokea kwenye kila mkato. Kazi hii ifanyike Februari au Machi, miche iwe imeshika nguvu kabla ya baridi. Sehemu ya miche hiyo ihifadhiwe kwa ndugu au mwanakikundi anayeishi kata yenye joto zaidi. Kikundi chenye wanachama wa kata za juu na za chini kina faida ambayo bado haijatumika ipasavyo.

Mpango wa mauzo nao uende na kalenda. Begonia za majani ya rangi zilizo tayari ziuzwe kufikia katikati ya Mei. Vyungu vitakavyobaki Juni viwe vile tu ambavyo baraza ina uwezo wa kuvihifadhi.

Huduma zilizopo

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe kwa miezi ya Juni hadi Agosti, pamoja na utabiri wa kila siku unaosomwa redioni na kwenye televisheni. Kiwango cha chini cha joto kinachotajwa ni cha kituo cha kupimia. Kwa aliye bondeni au uwanjani, apunguze nyuzi mbili au tatu katika hesabu yake. Kipimajoto kidogo cha ukutani kikiwekwa usawa wa vyungu, si juu ya mlango, na kusomwa kila siku kabla ya jua kuchomoza, baada ya msimu mmoja kitamwonesha mwenye kitalu kona ipi ya baraza yake ni salama na ipi si salama.

Ushauri wa kilimo cha maua hupatikana kwa maofisa ugani wa kata, kama ulivyo ushauri wa mahindi na viazi. Vikundi vyenye mkopo ambavyo miche yake imeharibiwa na baridi vinashauriwa kumwona Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla tarehe ya rejesho haijafika, vikiwa na daftari la kikundi linaloonesha idadi ya vyungu kabla na baada ya tukio. Anayepeleka jani lenye ugonjwa kwa ofisa ugani alifunge katika karatasi kavu ya gazeti, na alipeleke siku hiyohiyo. Likifungwa katika nailoni huoza njiani, na baada ya hapo si rahisi kutofautisha jani lililoungua kwa baridi na lililoshambuliwa na ukungu.